Programu inasema vipande viko, atelie imesimama: kutafuta riptire (kipande chenye kinakosekana) ngazi kwa ngazi

Juzi asubuhi kijana wa atelie amekuja tena kwa meza yangu, mikono yote mafuta: "Shefu, hizi rota tutazifunga na nini?" Kwa skrini yangu kila kitu kijani, mashini kumi za kusaga mahindi, vipande vyote "tayari". Nikashuka naye depo, tukafungua katoni ya rulma (wengine mnasema beringi), ndani mko karatasi za kufungia na rulma mbili. Programu ilikuwa inasema kumi na nne.

Kama unapanga kazi mu atelie hapa Lubumbashi, iwe unatumia programu za stoki na kazi kama Odoo, ERPNext, SAP, ao Excel yako mwenyewe, hii kitu unaijua. Wenzangu wananiuliza maswali yaleyale kila wiki, basi naandika mara moja, dalili kwa dalili, nikianza na sababu yenye natokea nayo mara nyingi nikimaliza na ile ya nadra. Mfano wangu wote ni mashini ya nyundo ya kusaga mahindi, juu kila mtu anayekula bukari ameshaiona. Juu kabisa kuna mashini yenyewe. Chini yake chasi, hopa (pale mahindi yanapomwagwa), mota na mikanda, na rota (ile inayozunguka na nyundo). Chini ya rota kuna shafti, disiki, nyundo 24, pini, na palie mbili (palie ndiyo inashika shafti ikizunguka). Chini ya palie kuna rulma moja 6310, nyumba yake, sili na bulo (bolti). Ngazi nne, na riptire inapenda kulala pale chini kabisa.

Kwanza hesabu yenyewe, juu usipoishika hii utakuwa unapapasa gizani. Tuseme una komande ya mashini 10. Rota zilizo tayari mu depo ni 3, kwa hiyo utatengeneza 7. Rota 7 zinataka palie 14, una palie 6 zimeshafungwa, unabaki na 8 za kutengeneza. Palie 8 zinataka rulma 8, una 5. Unakosa rulma 3. Sasa mtu wa Excel anafanya vipi? Anazidisha moja kwa moja, 10 mara 2 ni 20, anatoa 5, anakimbilia kununua 15. Kumi na mbili za bure, na franga imelala mu katoni. Kwa hiyo kabla ya kulaumu programu, chukua karatasi ufanye hii hesabu kwa kipande kimoja tu, ukitoa stoki ya kila ngazi kabla ya kushuka ya pili. Kama jibu lako na la programu ni moja, programu inahesabu vizuri, shida iko kwa vitu vyenye mliiambia.


DALILI: skrini ni kijani, atelie imesimama

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, juu haipigi kelele. Programu ikisema "unakosa" utaamka, ikisema "sawa" unalala.

Sababu ya kwanza, na nikisema ya kwanza ni kwa mbali: kipande kimetoka, hakuna aliyeandika. Fundi wa zamu ya usiku anachukua rulma nne, anasema nitaandika kesho, kesho anaamkia kazi ingine. Kuna na sura yake ya pili yenye watu wengi hawaioni: programu nyingi zinapunguza stoki ya vipande pale tu unapotangaza kama kitu kimekwisha kutengenezwa. Toka umeanza mpaka umetangaza, kipande kiko kimefungwa kwa mashini na bado mu kompyuta kiko kwa rafu. Njo ilikuwa shida ya juzi, zile rulma 12 zilikuwa zimeshafungwa tangu siku ya posho (jumamosi) kwa oda ingine, fundi alimaliza, akafunika mashini na turubai, akaenda nyumbani, OF ikabaki wazi mu kompyuta. (OF ni oda ya kutengeneza, sisi wa kifaransa tumezoea kuiita hivyo.)

Angalia hivi, dakika kumi na tano haziishi: chagua vipande vitano vinavyotoka kila siku, shuka depo wewe mwenyewe, hesabu kwa mkono, linganisha. Kama viwili kati ya vitano havilingani, acha kabisa kutafuta kosa mu programu, kosa liko kwa mlango wa depo. Dawa yake haina uchawi: OF zifungwe kila jioni, si ijumaa, kwa kitu kinachochukua zaidi ya siku moja kufunga, vipande viandikwe vimetoka siku vinapotoka, na majazinie (mtunza depo) ahesabu vipande vichache kila asubuhi badala ya kungoja inventere ya mwisho wa mwaka yenye kila mtu anaifanya akiwa amechoka.

Sababu ya pili naiita ahadi juu ya ahadi. Mashini inataka rota 7. Programu inaangalia, inaona kuna OF ya rota 7 itakayoisha alhamisi, inasema sawa, rota zinakuja, kijani. Lakini ile OF ya rota yenyewe haina palie! Na OF ya palie inangoja rulma za komande yenye supplier hajaithibitisha hata kwa simu. Kila ngazi inamuamini wa chini yake, na wa chini kabisa anaamini karatasi. Ukiangalia ngazi ya juu tu, hautaona kitu mpaka hiyo alhamisi.

Hapa paka kushuka. Fungua OF ya rota, angalia vipande vyake. Chenye kinatengenezwa humu ndani, fungua na OF yake. Endelea mpaka ufike kwa kitu kinachonunuliwa, kisha uliza maswali mawili tu: komande yake iko? Na tarehe yake ni ya supplier ao ni yenye programu ilijitungia? Kwa SAP kuna MD4C inayoonyesha mti mzima wa oda kwa mara moja, na CO24 inayotoa orodha ya vipande vinavyokosekana. MD04 ni nzuri lakini ni ya kipande kimoja kimoja. Kwa Odoo fungua ripoti ya nomenklatire (orodha ya vipande, ile ya BOM) ukunjue ngazi zote. Kwa ERPNext BOM Explorer itakuonyesha mti, Stock Projected Qty itakuonyesha stoki inayotarajiwa. Kama unatumia Excel, ongeza kolomu ya ngazi na kolomu ya "baba yake ni nani", bila hiyo ya pili hautajua riptire ya rulma inasimamisha mashini ya klienti gani.

Ya tatu: kipande kiko, lakini kina mwenyewe. Ile rulma 6310 yetu haiingii paka kwa mashini ya mahindi, inaingia na kwa mashini ndogo ya kuponda sampo za mawe yenye tunawatengenezea watu wa migodi. Stoki 8, mashini ya mahindi inataka 8, sawa. Ya kuponda inataka 4, 4 ni chini ya 8, sawa pia. Kila mmoja peke yake ni kijani, wote pamoja wanakosa 4. Usiangalie namba moja ya stoki, angalia tatu: iliyo kwa rafu, iliyoshikwa na oda zingine, na inayobaki huru. Ukikuta mtu kashika vipande kwa oda ya mwezi wa tatu wakati sisi tuko mwezi wa kwanza, viachilie, uvipeleke kwa oda ya karibu, LAKINI mwambie mwenye ile oda. Mimi nimeshapigana na mwenzangu juu ya sili ishirini, hatukuongea wiki nzima.

Ya nne inawakuta sana wanaokata vyuma. Shafti yetu ni sentimita 90, inatoka kwa chuma cha mita 6. Chuma kimoja kinatoa shafti 6, kinabaki kipande cha karibu sentimita 60. Kata vyuma vitatu, una masalio matatu, na programu inayohesabu kwa mita inasema: stoki mita 1.8, unaweza kutengeneza shafti 2. Shafti gani? Yale masalio matatu hata uyaangalie mpaka jioni hayazai shafti moja. Niliwahi kuona bosi anamgombeza majazinie kama ameiba chuma, kumbe mita zote ziko pale kwa kona, zimesimama kama fito za kuni. Dawa: acha kuhesabu chuma kwa mita. Andika "chuma 1 kinatoa shafti 6", ukikata chuma kitoke chote, na masalio yapate kodi (namba ya kipande mu programu) yao wenyewe, watu wa pini watayatumia.


DALILI: programu inalia riptire, na kitu kiko mbele ya macho yako

Kodi mbili kwa kitu kimoja. Hii karibu kila siku. Mmoja aliandika 6310-2RS, wa pili akaandika 6310 2RS bila kistari, wa tatu akaandika RULMA 6310. Nomenklatire inatafuta ya kwanza, majazinie aliingiza stoki kwa ya pili. Tafuta mu programu kwa namba tu, "6310", uone zinatoka ngapi. Zikitoka tatu umeshapata.

Sasa usikimbilie kuziunganisha. Zile herufi za nyuma zina maana: 2RS ina kifuniko cha mpira pande zote mbili, ZZ ina kifuniko cha bati, C3 ni rulma yenye nafasi kubwa kidogo ndani, ya kuvumilia joto. Zote 6310 zinaingia kwa shafti ya milimita 50 (namba mbili za mwisho mara tano, 10 mara 5), lakini mu vumbi ya unga ZZ itakufa mbele ya 2RS. Chukua rulma mkononi, soma yenye imeandikwa kwa chuma, kisha ndiyo uunganishe kodi. Na usifute ile ya zamani, ifunge tu isitumike tena, juu historia yake bado inashikiliwa na fakitire (ankara) za nyuma.

Kisha angalia kitu kiko mu depo gani. Kuna depo ya kupokea, kuna ile ya kungoja kukaguliwa, kuna kontena ya nyuma, na programu zinahesabu paka depo zenye uliziambia zihesabu. Mzigo umeteremshwa jana, umeandikwa "umepokelewa", lakini hakuna aliyebonyeza kuupitisha toka depo ya ukaguzi kwenda ya kazi. Mbonyezo mmoja.

Tatu, OF zilizokufa. Klienti alighairi mwezi wa sita, OF haikughairiwa, na bado inashika nyundo 48. Toa orodha ya OF zote zilizo wazi, zipange kwa tarehe, zenye zimepita miezi mitatu pigia simu mwenyewe moja moja. Mara ya kwanza nilipofanya hivi "riptire" karibu nusu zilipotea bila kununua kitu.

Nne, vitu nusu-nusu. Palie tisa ziko kwa meza zimefungwa, hazijatangazwa, lakini rulma zake ziliandikwa siku zilipotoka, kwa hiyo mu kompyuta si rulma tena (zimetoka) na si palie (hazijaingia). Ziko hewani. Na kama palie umeiweka aina ya Kit kwa Odoo, jua kama Kit haina stoki yake yenyewe, programu inapita juu yake inakwenda moja kwa moja kwa rulma na bulo. Kwa SAP kitu sawasawa kinafanywa na kodi 50, ile ya kikundi-kivuli. Kanuni yangu: kitu kikilala kwa rafu hata usiku mmoja kikiwa kimefungwa, kisiwe kivuli, kipe stoki yake.


DALILI: namba za kichaa

Programu inakwambia nunua kilo 150 za baget za kuchomelea kwa mashini kumi. Kabla ya kucheka, uliza nani aliingiza data toka Excel. Sisi tunaandika 1,5 kwa koma, kifaransa. Programu iliyowekwa kiingereza inataka 1.5 kwa nukta. Kuna zinazokataa, hizo ni nzuri, kuna zinazotupa koma kimya kimya, 1,5 inakuwa 15. Na kinyume chake, elfu moja mia mbili hamsini ukiiandika 1.250, programu ya kiingereza inasoma moja na robo. Angalia vipande vyenye namba yake ina koma, jaribu mstari mmoja kabla ya kuingiza mia tano. Na tarehe zina ugonjwa uleule, 03/04 kwetu ni tarehe 3 mwezi wa nne, kwa Mmarekani ni tarehe 4 mwezi wa tatu.

Kama si koma, ni kipimo. Tole (bati la chuma) ya milimita 3, mita 2 kwa 1, ina uzito wa kilo 47 na kidogo. Hopa inataka kilo 12 za tole. Majazinie anahesabu kwa tole, aliandika 9. Programu ikisoma 9 kama kilo, italia kama hauna tole ya hopa hata moja, na mu depo una zaidi ya kilo 420. Ikisoma kinyume, yaani hopa inataka tole 12, kwa mashini kumi itataka tole 120, na ukiwa na haraka utasaini. Weka kipimo cha kununua na kipimo cha kutumia, na uandike kubadilisha kwake mara moja kwa kila tole, ya milimita 3 peke yake na ya 5 peke yake, juu kilo hazifanani.

Namba ikiwa kubwa kidogo tu, si ya kichaa, basi ni asilimia ya kuharibika. Umeweka 5% kwa palie, 5% kwa rota, 5% kwa mashini. Zinazidishana: 1.05 mara tatu ni karibu 1.158, kwa hiyo mia moja imekuwa mia na kumi na sita. Weka asilimia pale kitu kinapoharibika kweli, kwetu ni kwa kukata, basi. Na ile stoki ya usalama (vipande vya akiba), kama umeiweka kwa rulma na kwa palie na kwa rota, umejiwekea usalama mara tatu kwa rulma ileile.


DALILI: kipande kimoja kinaombwa mara mbili

Hii ni fupi. Kwa ERPNext kuna kisanduku cha kutumia nomenklatire ya ngazi nyingi ndani ya oda ya kazi. Ukikiweka alama, oda ya mashini inashuka yenyewe mpaka rulma. Kama tena umefungua oda ya pembeni ya palie, ile nayo inaomba rulma. Chagua njia moja: ao oda moja inayoshuka mpaka chini, ao oda kwa kila ngazi bila kile kisanduku. Atelie yenye inafunga palie na kuziweka kwa rafu inataka njia ya pili. Mu programu zingine sababu ni moja, jina la kifungo tu linabadilika. Kama si hivyo, angalia kama matoleo mawili ya nomenklatire yako hai kwa wakati mmoja, la zamani na jipya.


DALILI: riptire ya jana, riptire ya kesho, tarehe hazina kichwa

Muda wa kungoja haujajazwa ao umejazwa na mtu mwenye hajawahi kungojea gari. Hesabu chini kwenda juu: rulma siku 30, kufunga palie siku 2, rota siku 4, mashini siku 5, jumla 41. Kama mu programu rulma ina sifuri, itakwambia ununue wiki moja na nusu kabla, na utanunua ukiwa umeshachelewa mwezi. Vitu vyetu vingi vinapanda toka Afrika Kusini kwa barabara, vinapita Zambia, vinaingia Kasumbalesa, na foleni ya magari pale hakuna anayeisaini tarehe. Chukua tarehe za komande zako tano za mwisho, ya kutuma na ya kupokea kwa kweli, andika muda wenye uko karibu na ule mrefu kuliko yote, si wa wastani. Wastani unamaanisha nusu ya wakati utakosa.

Komande zilizochelewa: tarehe imepita, hakuna aliyeibadilisha, na programu bado inaihesabu kama inayokuja leo. Kila jumatatu mtu mmoja apigie simu wale supplier na abadilishe tarehe. Mtu mmoja, mwenye jina, juu kazi ya wote haina mwenyewe.

Kalenda. Programu imekuja na kalenda ya nchi ingine, inakupangia kazi tarehe 30 mwezi wa sita, siku ya uhuru. Jaza siku zetu.

Na hii ya mwisho inachekesha lakini ilinila siku mbili: saa. Inchi yetu ina saa mbili, Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imewekwa saa ya Kinshasa, na kitu kilichopangwa hapa saa sita kamili ya usiku kuingia tarehe 5, kule kinaonekana saa tano ya usiku, tarehe 4. Odoo inaweka saa zote kwa UTC (saa moja ya dunia nzima) ndani yake kisha inaonyesha kulingana na mtumiaji, kwa hiyo wawili mko mbele ya oda moja mnaona siku mbili. Angalia saa ya kila mtumiaji, chagua Africa/Lubumbashi.


DALILI: hesabu haimaliziki, ao inatoa kosa la mzunguko

Mara nyingi mtu ameweka kitu ndani yake mwenyewe. Palie ina rulma, na mu nomenklatire ya "rulma na nyumba yake" mtu ameweka palie. Programu inashuka, inashuka, inarudi pale ilipotoka. Nzuri zinakataa kuhifadhi. Kama yako haikukataa, angalia nomenklatire zenye zimebadilishwa tangu siku hesabu ilipomalizika vizuri mara ya mwisho, huwa ni moja ao mbili. Ukiipata, toa mstari huo, rudisha hesabu. Umeme ukikatika katikati ya hesabu pia inaweza kuacha kazi nusu imefungwa. Ngoja, washa upya, endesha tena mara MOJA.


SIMAMA HAPA, ita mtu mwenye kazi yake

Kama umeendesha tena na haimaliziki, usiingie mu database kufuta mistari kwa mkono. Najua kuna kijana pale ofisini anajua SQL (lugha ya database). Mwambie akae. Oda, stoki na hesabu za pesa zimeshikana, ukivuta uzi mmoja kesho kontable (mhasibu) atakuta tofauti yenye hakuna atakayeieleza. Chukua bekapu, ita fundi wa programu, na umpe vitu hivi: kodi ya kipande kimoja chenye shida, namba ya OF yake, namba yenye ulitarajia na hesabu yako ya karatasi, na picha ya skrini. "Haifanyi" peke yake haimsaidii, atakulipisha siku nzima ya kutafuta.

Kusawazisha stoki ya vipande vingi kwa mara moja, usifanye bila kontable. Inchi yetu iko mu OHADA (sheria za biashara na hesabu za inchi nyingi za Afrika) tangu 2012, na stoki ukiibadilisha mu programu iliyounganishwa na hesabu, umebadilisha na vitabu. Vipande vitatu sawa, mia tatu mwishoni mwa mwezi hapana.

Na ile inayonifanya niandike kwa herufi kubwa: USIBADILISHE KIPANDE JUU YA RIPTIRE bila injinia. Bulo za M16 za daraja 8.8 zimekwisha, majazinie anasema kuna za 4.6, zinaingia vizuri kabisa kwa tundu. Zinaingia, ndiyo. Ile namba ya kwanza mara mia ni nguvu yake ya kukatika kwa megapaskali, 800 na 400, yaani nusu. Mota ya pole mbili kwa umeme wetu wa 50 Hz inakaribia mizunguko 3000 kwa dakika, na kama rota yako inazunguka kwa mwendo huo na nyundo 24 juu yake, pini ao bulo ikikatika nyundo haitaanguka chini, itatoka kwa tole ya hopa kama risasi. Mama mwenye analeta debe lake la mahindi anasimama mita moja kutoka pale. Acha OF iwe nyekundu, mwambie klienti wiki mbili, atakasirika.

Kibadala kikikubaliwa na injinia, kiandike mu programu kama kibadala cha ile oda peke yake, na tarehe ya mwisho. Sisi kimoja kilisahaulika, kikabaki mu nomenklatire miezi minane, na tulikuwa tunanunua bulo mbaya kwa utaratibu mzuri kabisa.